Ndiyo, Natembea na Mwenye Nyumba Wangu

Bakewell, Derbyshire, Uingereza
Jumapili jioni

Mjomba, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu huko. Safari hii maneno hayo siyaandiki kwa mazoea. Nimeambiwa mashaka yapo kweli, tena yamekaa kikao chini ya mwembe wa Shangazi. Nimeambiwa mama watoto amesusa chakula, na kwamba ni wewe Mjomba uliyesema, "Tumpe nafasi ajieleze kwa maandishi." Ahsante sana. Maandishi ndiyo haya.

Chanzo cha yote ni ujumbe wangu wa mwezi uliopita: "Siku hizi kila Jumapili natembea na mwenye nyumba wangu. Afya imerudi." Siukani. Niliandika mwenyewe, na natembea naye kweli. Lakini natembea naye kwa miguu, Mjomba. Kiswahili ndicho kilichonigeuka. Kwetu mtu akienda kwa wakwe, kaenda kutembea. Akitembea na mke wa mtu, ni kikao. Matembezi ya hisani tunayo, ila hayaanzi mpaka afike mkuu wa wilaya na zigawiwe fulana. Kupunga upepo nako tunakujua, lakini hiyo ni kazi ya kukaa. Sasa mtu mzima kutoka nyumbani asubuhi, kuzunguka porini kwa saa tano, kisha kurudi palepale alipoanzia, bila mgonjwa wa kumjulia hali wala deni la kudai, hilo sikulipatia neno. Kwetu anayekwenda kwa miguu amekosa nauli, na watu humpa pole.

Mshitakiwa mwenzangu ana umri wa miaka 74. Ni mwalimu mstaafu, mjane, na goti lake la kushoto ni la chuma. Mimi, kama mnavyojua, usiku nawatunza wazee. Nawageuza, nawanyanyua, nawasikiliza habari za vita. Jumapili nilikuwa nalala kama gogo. Siku moja akanigongea mlango: "Jua limetoka, vaa viatu." Nilichungulia dirishani. Jua lenyewe lilikuwa la kukisia, ila sikutaka kubishana na anayepokea kodi yangu.

Nilivaa raba zangu za kuendea kazini. Akazitazama kama daktari anavyotazama kidonda. Tangu siku hiyo nimenunua viatu vya kutembelea. Bei yake siitaji, ila kwa fedha hizo ungepata mbuzi wawili wazuri na chenji ya kamba. Yeye ana koti la mvua, suruali ya mvua juu ya suruali, chupa ya chai, ramani kubwa kama shuka, na fimbo mbili. Nilimuuliza kwa nini mbili. Akasema moja ni ya kila mkono. Jibu hilo nimelitafakari sana, sijaliona kosa lake.

Mji wenyewe ni mdogo, Mjomba, utaupenda. Jumatatu ni siku ya gulio, na mnada wa mifugo upo hapohapo ng'ambo ya mto Wye. Dalali wa kondoo hapumui. Maneno yanamtoka kama mahindi mashineni, na wakulima wananunua kwa kukonyeza tu. Nilikwenda siku moja nikaificha mikono mfukoni na macho nikayakaza, nisije nikarudi na beberu. Wana pia mkate wao mtamu wa jemu na mayai, wanaosimulia kwamba ulizaliwa kwa makosa ya mpishi wa nyumba ya wageni, na sasa duka zaidi ya moja linadai ndilo lenye ule wa asili. Yaani kosa moja lina wenyewe wengi. Langu mimi limekosa hata wakili.

Basi. Juu ya mji ipo stesheni ya reli, na hapo ndipo tunapoanzia. Stesheni ipo, majengo yapo, majukwaa ya abiria yapo. Treni haipo. Haijapita tangu 1968. Palipokuwa na mataruma na vyuma sasa ni njia ya changarawe, tambarare, kilomita kama 14, inaitwa Monsal Trail. Waingereza, Mjomba, reli yao ikifa hawaiziki. Wanaiosha, wanaipamba, halafu wanatembea juu yake kila Jumapili pamoja na mbwa.

Habari za vifo vya reli za huku alinisimulia Bi Mwenye Nyumba, kwa sauti ya msibani. Mwaka 1963 bwana mmoja aitwaye Richard Beeching alitoa ripoti kwamba reli za nchi zinakula hasara. Alipendekeza zifungwe stesheni zaidi ya 2,300 na njia za maili kama 5,000. Watu walimwita daktari, na kweli alikuwa daktari, ila wa fizikia, wala si wa hospitali. Ndiyo maana yeye hakutibu, alikata. Mpaka leo wazee wa huku wanataja shoka la Beeching kama sisi tunavyotaja mwaka wa njaa. Miji midogo ya magulio ndiyo iliyoumia. Na hapa kwetu, ukitaka treni leo, kwanza panda basi.

Tukiwa njiani kila mtu anatusalimu. Hili lilinishangaza, maana mjini jirani yangu wa ukuta mmoja ananipita kama nguzo ya umeme. Ukishakanyaga changarawe, mtu usiyemjua kabisa anakutakia asubuhi njema. Wa kwanza nilimjibu kwa adabu zetu zote: za nyumbani, za kazi, hawajambo watoto? Nilipofika kwa watoto alikuwa ameshatupita hatua ishirini, na mbwa wake ndiye aliyegeuka.

Nikiwa bado kwa mbwa, niseme na hili. Huku mwenye mbwa huokota choo cha mbwa wake kwa kifuko kidogo cheusi, akakifunga vizuri. Wengine, kwa uvivu wa kukibeba, hukitundika kwenye tawi wakikusudia kukichukua wakirudi. Mara ya kwanza nilipoona kichaka kimening'inizwa vifuko vyeusi vitatu nilisimama. Kwetu kichaka kile ungekipita kinyumenyume huku ukisoma Ayatul Kursi. Bi Mwenye Nyumba aliponieleza ni nini, nikaona heri zingekuwa hirizi.

Kilomita kama mbili mbele ipo stesheni ya pili, Hassop, ambayo sasa ni mkahawa na duka la vitabu na baiskeli. Maegesho yamejaa magari. Mjomba, shika kiti: watu wanakuja kwa gari mpaka hapo, wanalilipia gari lipumzike, ndipo waanze kwenda kwa miguu. Ndani chai ipo, abiria wapo wamepanga foleni, ratiba ya treni haiwahusu.

Mbele ya hapo njia inaingia mlimani. Handaki hilo, Headstone, linazidi mita 400, na siku za nyuma lilikuwa limefungwa. Ilibidi watu wazunguke kwa juu mpaka 2011 lilipofunguliwa likatiwa taa. Taa zenyewe huzimwa jioni. Bi Mwenye Nyumba alinitajia hilo tukiwa katikati, tena jioni. Nilimwacha nyuma yeye na fimbo zake mbili, na kama kikao kilihitaji ushahidi kwamba hakuna mapenzi kati yetu, ushahidi ni huo.

Ukitoka upande wa pili unajikuta juu ya daraja refu la mawe, matao matano, mto chini kabisa. Lilijengwa mwaka 1863, na baadaye mwandishi mashuhuri John Ruskin alichemka kwa hasira kwamba bonde zuri vile limeharibiwa kwa ajili ya safari za wapumbavu kati ya Buxton na Bakewell. Leo daraja hilohilo linalindwa kwa sheria, watu wanakuja toka mbali kulipiga picha, na wapumbavu bado tunapita, ila sasa polepole.

Kurudi tunapitia mashambani, kwa kijiji cha Ashford. Hapa ndipo penye ajabu kuliko reli. Mkulima ana shamba lake, ameliwekea uzio, ana hati, na katikati ya shamba inapita njia ya umma yenye mshale wa manjano. Hana ruhusa ya kuifunga. Unapita na tope lako, yeye yuko kwenye trekta anakupungia mkono. Kwetu ukikutwa katikati ya mihogo ya mtu, lazima utaje ulichokuja kuchimba. Nilidhani ni ukarimu wa Wazungu. Bi Mwenye Nyumba akacheka. Haki ya kupita kwenye njia hizi ni ya zamani, lakini milima iliyo wazi ilikuwa ya mabwana na ndege wao wa kuwindwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani Manchester, walipanda mlima Kinder Scout kaskazini ya hapa bila ruhusa, na watano walifungwa jela. Yaani huku kuna matembezi yaliyofikisha watu jela, Mjomba. Mimi nimewekewa kikao tu, sina haki ya kulalamika.

Mashamba hayo yana ng'ombe. Mimi mtoto wa Nachingwea. Kabla wafugaji hawajashuka kusini na makundi yao, ng'ombe nilimjua kwa kilo. Sasa nikutane nao thelathini wazima, wamegeuka wote kunitazama kama kamati ya mitihani. Bi Mwenye Nyumba akasema nisikimbie. Sikukimbia. Nilitembea, ila sijawahi kutembea kwa kasi ile.

Mwisho wa shamba tukakuta geti. Ni geti dogo linalobembea ndani ya kizimba, mtu mmoja anaingia, analisukuma, anatokea upande wa pili, na ng'ombe hawezi, kwa ukubwa wake na kwa kukosa subira. Kwa kuwa geti lenyewe hugusa nguzo huku na kugusa kule, Waingereza wanaliita geti la busu. Mjomba, aya hii usimsomee mama watoto. Ruka uende inayofuata.

Wiki iliyopita tukiwa Hassop, chai mkononi, aliniuliza: "Kwenu kuna reli za zamani?" Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, bibi, ipo, na mliijenga ninyi. Nikampa habari ya karanga: jinsi serikali yao baada ya vita ilivyokosa mafuta ya kula, ikaja Tanganyika na matrekta tangu 1947 kulima karanga Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea, jinsi ilivyojenga bandari Mtwara, na reli ya kubebea karanga kabla karanga hazijaota, jinsi mradi ulivyofutwa 1951 na hasara ya pauni kama milioni 36. Reli ikabaki inasubiri mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Hasara ileile, zama zilezile za shoka lao, na sisi tulikuwa hatujapata hata daktari wa fizikia.

Alinyamaza muda mrefu kwa mwalimu. Kisha akauliza: "Na njia yake ikoje sasa?"

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile tuta nyuma ya mikorosho ya babu. Unalikumbuka, Mjomba? Refu, limenyooka, halina mantiki porini pale. Babu alikuwa akisema ni tuta la gari moshi, nasi tukidhani ni hadithi za wazee. Tulilipita kila siku kwenda shule, peku, umande mpaka magotini, jembe begani siku za shamba la shule. Miaka saba nimetembea juu ya reli iliyokufa na hakuna aliyeniambia kwamba huo ni mchezo wa kununulia viatu. Mwisho wa njia ya huku kuna chai. Mwisho wa ile yetu alikuwapo mwalimu wa zamu na fimbo, na yeye moja ilimtosha.

Niliporudi chumbani usiku sikulala upesi. Nilimkumbuka babu, na kwamba sikuwahi kumuuliza alimaanisha nini, ilhali bibi wa Kizungu ameniuliza mara moja tu nikaeleza mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo Mjomba nina ombi. Wazee waliobaki, waulize stesheni ilikuwa wapi, nani alikuwa stesheni masta, treni ya mwisho ilibeba nini. Andika kwenye daftari. Mimi nikija tutalifuata tuta lile toka mwisho hadi mwisho, wewe na mimi, na tukikutana na mtu tutamsalimia mpaka watoto.

Sasa dhumuni hasa la barua, ambalo nimelichelewesha makusudi. Bi Mwenye Nyumba amekata tiketi. Anakuja nami Julai. Anataka kulitembea hilo tuta. Ameshauliza kama kuna mgahawa katikati, nami nikamjibu kuna mama lishe, Mungu anisamehe. Mwandalieni chumba kisicho na ngazi. Fimbo anakuja nazo.

Na mama watoto mwambie hivi: kama bado ana shaka na kutembea kwetu, ruhusa ninatoa kwa maandishi. Atembee naye yeye.

Wako mtiifu,
Mpwa wako