Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumbuke

Mkaazi wa Mombasa huingia Fort Jesus mara mbili maishani. Mara ya kwanza husukumwa na mwalimu, akiwa kwenye foleni ya sare, ameshikishwa mkono wa mwenzake asiyempenda. Mara ya pili husukumwa na mgeni. Kati ya safari hizo mbili hupita miaka na mikaka, na muda wote huo ataipita ngome ile asubuhi na jioni, atakunywa madafu karibu nayo, atamwelekeza dereva wa tuktuk kwa kuitaja, wala hatajiuliza nyuma ya ukuta ule kuna nini. Kisha shemeji anashuka kwenye treni kutoka bara, anakaribishwa, anakula biriani akashiba, na kabla hajanawa mikono anatamka: “Kesho nipelekeni Ngomeni.” Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini yaelekea wahenga hao hawakuwahi kumtembeza shemeji makumbusho. Hoja yangu ni kwamba makumbusho ya mji yanamfaa mwenyeji kuliko mgeni, na kwamba mikasa yote inayomkuta mwenyeji humo ina chanzo kimoja: anaingia na cheo cha mwalimu ilhali hajamaliza hata darasa la kwanza la somo lenyewe.

Msiba huanzia mlangoni. Mwelekezi anajitokeza, anasalimia kwa heshima, anauliza kama familia ingependa kuelezwa. Mwenyeji anatabasamu kwa huruma na kujibu, “Ahsante, sisi ni wa hapa hapa.” Maneno hayo sita hayajapoa na tayari shemeji ameshauliza ngome ilijengwa lini. Zamani. Zamani gani? Zamani za Wareno. Kuanzia hapo Wareno wanabebeshwa kila kitu. Kisima ni cha Wareno. Mlango wa nakshi, kazi ya mafundi wa pwani hii, ni wa Wareno. Jumba la Waomani, ambalo jina lake linatosha kumwokoa mtu yeyote aliyetulia, nalo wanapewa Wareno. Hatimaye familia inafika kwenye mifupa ya nyangumi, na mtoto, ambaye hana haya kwa sababu hana cheo cha kulinda, anauliza kama nyangumi naye alikuwa Mreno. Shemeji anakohoa. Mwenyeji anapendekeza waende kupiga picha kwenye mizinga. Huko nako shemeji anapanda juu ya mzinga kwa mbwembwe na kuteremka kwa kasi zaidi, kwa kuwa chuma kilichoota jua la Mombasa tangu asubuhi hakina adabu kwa makalio ya mtu.

Laiti mwenyeji angemkubali yule mwelekezi, angejua kuwa hata huo Ureno wenyewe una walakini. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na kufikia 1596 ilikuwa inatumika. Ramani yake ilichorwa na Muitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mfalme aliyeamuru ijengwe alikuwa Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa anaitawala Ureno pia. Mawe ni matumbawe ya pwani hii. Mchoraji Muitaliano, mfalme Mhispania, mawe ya Mvita: ukitoa hayo yote, Mreno anabaki na gharama na malaria. Na hakukaa sana. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka walezi wake, akamuua kapteni wa ngome na kuitwaa. Wareno walirejea mwaka uliofuata, lakini Machi 1696 Waomani wakaizingira, na mzingiro huo ukadumu hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi.

Tuyapime hayo kwa hesabu ya kawaida. Kutoka 1593 hadi 1698 ni miaka 105, ukiacha vurugu za 1631 na kurudi kwao kwa muda mfupi mwaka 1728. Kutoka 1698 hadi leo ni zaidi ya miaka 300. Katika miaka hiyo waliingia Waomani, wakafuata magavana wa Kimazrui hadi 1837, kisha masultani wa Zanzibar. Mwaka 1875 akida wa ngome hiyo alimwasi sultani, na manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya jela, na jela ikabaki hadi 1958, ndipo ikakarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Kwa maneno mengine, Mreno alikuwa mpangaji wa kwanza tu katika nyumba iliyopangishwa mara nyingi, na mwenyeji wetu anaijua nyumba nzima kwa jina la mpangaji aliyekimbia na kodi.

Pingamizi la kwanza huja kwa sauti ya mtu anayepekua mfuko: makumbusho yana kiingilio, na maisha ni ghali. Maisha ni ghali kweli, sibishi. Lakini kiingilio cha raia kimewekwa chini sana ya kile cha mgeni anayetoka ng’ambo, na mtu huyohuyo analalamika huku ameshika soda kwa mkono mmoja na viazi karai kwa mkono wa pili. Tena ukichunguza, kiingilio hakijawahi kumzuia mwenyeji siku shemeji anapokuja. Siku hiyo atalipa yeye, watalipiwa watoto, atalipiwa hata jirani aliyejipachika safarini kwa hoja kwamba gari lina nafasi. Fedha hupatikana pale aibu inapodai. Kinachokosekana ni sababu ya kwenda pasipo mtu wa kutuona tukienda.

Pingamizi la pili ni zito na linastahili jibu la heshima. Wapo wasemao: ngome ile ilijengwa kututawala, imebeba jina la dini ya waliokuja kwa bunduki, na baadaye tukafungwa humo, kwa nini tuitukuze? Nami nauliza: ni nani aliyesema kuitembelea ni kuitukuza? Mtu huenda mahakamani bila kumtukuza mshtaki. Isitoshe, mambo ya humo hayajakaa katika mafungu mawili, sisi upande huu na wao ule. Wakati wa mzingiro wa 1696 hadi 1698, miongoni mwa walioilinda ngome dhidi ya Waomani walikuwamo Waswahili kutoka Faza, huku Waswahili wengine wakiwaunga mkono Waomani kule nje. Kila upande ulikuwa na hesabu zake. Anayesusia ngome kwa sababu ni ya Wareno amewaachia Wareno, miaka 300 na ushei baada ya kuondolewa, kitu ambacho wazee wake walikitoa kwao kwa jasho na damu. Huko ni kuwarudishia ufunguo bila hata kuombwa.

La tatu ni pingamizi la kisasa: yote hayo yamo kwenye simu, ya nini kutoka jasho? Simu itakupa tarehe, hilo ni kweli, mradi ina chaji, na chaji huisha palepale shemeji anapouliza swali la maana. Lakini chukua mfano wa kipande kimoja cha ukuta kilichohifadhiwa mle ndani. Walinzi wa Kireno walikijaza michoro: meli, watu, vitu walivyovikumbuka. Watu hawa walitumwa nusu ya dunia kulinda dola, wakapewa zamu ndefu juani, wakafanya afanyalo kila mlinzi tangu zamu ziumbwe: wakachorachora ukutani. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwamba utawala wenye kutisha uliendeshwa na vijana waliochoka, waliotaka kwenda kwao. Au vitazame vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama mbele ya ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wakaifukua kati ya 1977 na 1980. Waliotumwa kuokoa ndio waliohitaji kuokolewa. Habari hizo ukizisoma kitandani utazisahau kabla ya usingizi. Ukizikuta mahali zilipotukia, bahari ileile ikiwa mbele yako na joto lilelile likikupiga kisogoni, zinakaa.

Wengine watasema hawana haja na simu wala kabati za vioo, kwa sababu wazee wamewahadithia. Hawa ndio wanaonipa taabu, maana nusu ya hoja yao ni ya kweli. Baraza za Mji wa Kale zina mambo ambayo hakuna kibao cha makumbusho kitakachoyaandika: ukoo gani ulinuniana na upi, na nani alifungwa Ngomeni kwa kosa la jirani yake. Tatizo ni kwamba mzee wa mtaa huhadithia mtaa wake, na katika hadithi hizo mtaa wake haukushindwa hata siku moja. Makumbusho nayo yana kasoro ya kinyume: yanazijua tarehe, hayayajui majina ya mama zetu. Basi dawa si kuchagua kimoja. Mchukue mzee, mwingize Ngomeni, mkalishe mahali penye upepo, kisha mwache yeye na mwelekezi wabishane. Hayo ndiyo matembezi yenye faida kuliko yote, na mizinga haitamuunguza mtu.

Mwenyeji haumbuliwi na kutojua, kwani hakuna azaliwaye na tarehe kichwani. Humuumbua kule kujidai kwamba kuishi karibu na kitu ni sawa na kukijua. Ndiyo maana mgeni, aliyekuja akijua kuwa hajui, hutoka na kitu, na mwenyeji hutoka na kiu tu. Kwa hiyo nenda kabla shemeji hajakata tiketi. Nenda siku ya kawaida, bila mtu wa kumwonyesha chochote, ukiwa na kofia na maji. Mwelekezi akikusalimia mlangoni, mwambie wewe ni wa hapa hapa, na kwa sababu hiyohiyo unamhitaji, halafu mlipe.