Kovu Hulelewa Nyumbani

Asubuhi ile kila mtu nyumbani alikuwa na dawa yake. Mama yangu mzazi alikimbilia yai ili apake ute. Shangazi, aliyekuwa bado kwetu Morogoro tangu Idi, alitoka chumbani na dawa ya meno mkononi. Jirani alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba tummwagie unga wa sembe, na mpangaji wetu wa chumba cha uani akasema hakuna kinachoshinda mafuta ya taa. Katikati yao alikuwa kitinda mimba wetu, binti wa miaka miwili na nusu, analia mpaka sauti inakatika. Mkono wake wa kulia, kuanzia kwapani hadi karibu na kiganja, pamoja na upande wa kifua, ulikuwa umejaa uji wa ulezi uliotoka kuchemka.

Jiko la mkaa lilikuwa chini, uani, mahali yanapokaa majiko ya mkaa katika nyumba nyingi. Dada anayetusaidia kazi aligeuka kuchukua mwiko, mtoto akashika mshikio wa sufuria ili ajiinue. Basi, ni hivyo tu. Nyumbani kwetu hakuna aliyetafutiwa kosa, na nashukuru, kwa sababu nimeona familia zikipoteza siku nzima kulaumiana huku mtoto hajapata msaada. Maji ya nyuzi joto 60 yanatosha kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama tano, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko hiyo. Uji una ubaya wake zaidi: chai ikimwagika hutiririka ikaenda zake, uji hunata, hukaa na joto lake hapo hapo, na huendelea kuchoma wakati wakubwa wanabishana.

Aliyekata ubishi ni kaka yake wa darasa la sita. Alifundishwa huduma ya kwanza kwenye skauti, na alisimama mlangoni akapiga kelele: "Maji! Maji ya kawaida, dakika ishirini!" Bomba lilikuwa kavu tangu jana yake. Mama watoto alimvua mtoto gauni, akamkalisha kwenye beseni karibu na simtanki, akaanza kummwagia kwa kata. Mama alijaribu kumzuia. "Mwanangu, maji yatamtoa malengelenge!" Mke wangu hakuinua kichwa. "Mama, nakuomba, tummwagie kwanza. La yai tutaongea baadaye."

Malengelenge yaliyotoka yaliletwa na moto wala si maji. Joto linapoingia kwenye nyama haliondoki mara moja. Linazidi kushuka chini, na maji ya baridi ya kawaida, si barafu, ndiyo yanayolikatiza njia. Hata aliyechelewa anaweza kufaidika nayo ndani ya saa tatu za mwanzo. Barafu hubana mishipa ya damu na kuidhuru zaidi ngozi iliyokwisha kujeruhiwa. Ute wa yai, unga na dawa ya meno hufunika joto, huleta vijidudu, na huko hospitali sista hulazimika kuvikwangua kabla hajaona jeraha lenyewe. Kijana wetu alikumbuka na jambo ambalo sisi wengine hatukuliwaza: dada yake alikuwa amevaa bangili ya shanga. Akaikata kwa mkasi kabla mkono haujavimba. Shanga zilitapakaa uani, na tuliendelea kuziokota kwenye mfereji wa maji kwa muda mrefu.

Simtanki ilipokaribia kukauka, yule yule jirani wa unga alikuja na madumu mawili. Tulimfunika mtoto miguu na mgongo asipatwe na baridi, tukamviringishia mkono kanga safi iliyokuwa kwenye kamba, tukaita bajaji.

Mapokezi, muuguzi alichukua kiganja cha mtoto mwenyewe, vidole vimeshikana, akakitumia kupimia eneo lililoungua. Kiganja kimoja cha mgonjwa ni kama asilimia 1 ya ngozi yake yote. Alihesabu tisa. Mtoto aliyeungua asilimia 10 au zaidi hupoteza maji mengi kupitia jeraha hadi anaweza kuzimia, kwa hiyo daktari hakutaka kubahatisha: dripu ikawekwa, na kiasi chake kikapigiwa hesabu kuanzia saa alipoungua, si saa tuliyofika. Ndiyo maana waliuliza mara tatu, "Ilikuwa saa ngapi?" Akachomwa na sindano ya pepopunda, tukalazwa.

Wodini Mama alikuwa wa kwanza kuwasili kila asubuhi, na siku ya kwanza ya kubadilisha bandeji alikuwa karibu kugombana na sista kwa sababu ya maji ya chumvi. Chumvi kwenye kidonda! Sista alimweleza kwa upole: ni gramu 9 kwa lita moja, imepimwa ilingane na chumvi ya mwili, kwa hiyo haichomi, na inalainisha shashi iliyoganda ili isitoke na ngozi changa. Baadaye nilisoma kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia daktari Archibald McIndoe, aliyetibu marubani walioungua huko East Grinstead, Uingereza, aliona kwamba walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, akaanza kuwalaza wagonjwa wake kwenye mabafu ya maji ya chumvi. Huyo huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, ndio waliobuni mpango wa madaktari wa kuruka na ndege Afrika Mashariki, ambao mwaka 1957 ulizaa shirika tunalolijua leo kama Amref. Nilipomsimulia Mama, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna papai lolote katika habari hiyo. Nikamwambia lipo. Katika hospitali moja ya Banjul, Gambia, watoto walioungua wamewahi kupakwa nyama ya papai iliyopondwa kila siku, na ilisaidia kuondoa nyama iliyokufa. Kwa hiyo si kila dawa ya bibi ni ya kutupwa. Lakini papai la wodini, chini ya macho ya wauguzi, na papai la uani juu ya ngozi ambayo haijapozwa ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kifua kilipona chenyewe, kikawa na ngozi ya waridi. Mkono ulisumbua. Kwapani na kwenye kiwiko palikuwa peupe, pakavu, na mtoto hakulia pakiguswa. Tulidhani ni nafuu. Kumbe sehemu isiyouma ndiyo iliyoungua chini zaidi, mpaka mishipa ya fahamu nayo imekufa. Jeraha la moto lisiloonyesha dalili ya kufunga ndani ya wiki tatu huacha kovu kubwa, na likiwa kwenye kiungo, kovu hilo hukivuta na kukikunja. Daktari akasema tupandikize ngozi.

Siku hiyo ndiyo niliyoujua ukoo wangu. Shangazi alikunja mkono wa dera mbele ya daktari: "Chukua yangu, mimi nimeshakula chumvi." Mama akasema yake ni laini zaidi. Kijana wetu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, akaingia na kusema yeye ni kaka yake wa damu moja, bila shaka ya kwake itafaa. Daktari aliketi akamweleza kama mtu mzima. Mwaka 1943 huko Glasgow, Thomas Gibson na Peter Medawar waliandika habari za mwanamke aliyeungua na kupandikizwa ngozi ya kaka yake. Ilishika, kisha mwili ukaikataa. Walipoirudia, iliyofuata ilikataliwa upesi zaidi, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha kuijua. Kutokana na swali la kwa nini mwili hukataa ngozi ya mwingine, Medawar alifanya kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Ngozi ya ndugu inaweza kufunika jeraha kwa muda, lakini ya kudumu ni ya mgonjwa mwenyewe, au ya pacha wake waliyetoka naye yai moja. Kijana wangu aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, na nilimkuta kwenye benchi la korido akilia.

Walichukua ngozi nyembamba kutoka paja la mtoto, akiwa amelala kwa nusu kaputi. Si ngozi yote. Ni tabaka la juu tu, kwa hiyo paja hujifunga lenyewe kwa wiki kama mbili. Ile ngozi hupitishwa kwenye mashine inayoitoboa matundu ikawa kama wavu, itanuke ifunike eneo kubwa, na majimaji ya chini yapate pa kutokea. Mkono ulinyooshwa, ukafungwa kwenye ubao maalumu, na siku tano hakuna aliyeruhusiwa kuufungua. Bandeji ilipotolewa, ile ngozi ilikuwa imeshika, ya zambarau kidogo, na alama za wavu zinaonekana. Bado zinaonekana mpaka leo.

Tuliporudi nyumbani majirani walikuja kutupa pole na kusema yamekwisha. Hapa ndipo ningependa kila mzazi anisikilize vizuri: kidonda hufungwa hospitalini, ila kovu hulelewa nyumbani, mwaka mmoja, mara nyingi hata miwili. Kovu la moto halitulii haraka. Linainuka, linakuwa gumu, linawasha usiku mpaka mtoto anaamka akijikuna. Ngozi iliyopandikizwa hivyo haina tezi za jasho wala za mafuta, kwa hiyo hukauka na kupasuka usipoipaka mafuta kila siku. Kazi hiyo aliichukua dada. Alifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo namna ya kukanda, kwa kidole gumba, kwa kukandamiza taratibu hadi kovu linageuka jeupe, na aliifanya kila asubuhi na kila usiku bila kukumbushwa. Mazoezi ya kuinua mkono aliyageuza mchezo wa kuanika nguo: anampa mtoto vibanio, naye anavibana mwenyewe kwenye kamba, na kamba inapandishwa kidogo kila wiki.

Kulikuwa na mkono wa kubana pia, wa kuvaliwa saa 23 kwa siku. Fundi cherehani wetu aliushona kwa vipimo vya mtaalamu kutoka nguo ya kuogelea ya mtumba, na kila baada ya miezi mitatu hivi anashona mwingine, kwa sababu kitambaa hulegea na mtoto anakua.

Shangazi, akiwa kwake, alituma kopo la krimu kwa basi. Halikuandikwa limechanganywa nini, alichosema ni kwamba litafanya mkono "ulingane." Najua alituma kwa mapenzi. Ulikuwa mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na si bure: zebaki huumiza figo, na dawa kali za homoni zinazochanganywa humo huifanya ngozi kuwa nyembamba, sembuse ngozi ambayo haijakomaa. Mke wangu alimpigia simu, akamwamkia, akamshukuru, akamwambia hatutaipaka. Walinuniana hadi harusi ya binamu, ambako Shangazi alimnunulia mtoto gauni la mikono mirefu, na mama yake akamvalisha la mikono mifupi. Mimi nilikuwa upande wa mama yake, na bado niko.

Kwapani bado pana mshipi wa kovu unaokaza akiinua mkono juu kabisa. Mifupa inarefuka, kovu halirefuki kwa mwendo huo. Daktari anasema huenda ikabidi apasue kwa mkato wa herufi Z, unaogeuza mwelekeo wa kovu na kulipa urefu. Mke wangu anataka ifanyike kabla ya darasa la kwanza. Mama anaona tungoje, mazoezi ya kamba bado yanafanya kazi. Kliniki ijayo tutakwenda naye, maana ana maswali yake kwa daktari na ameomba ayaulize mwenyewe.