Hadithi Moja, Wahariri Kijiji Kizima

Wenzetu wanaotunga hadithi za "ingekuwaje" wana raha zao. Mwaka 1962 Mmarekani Philip K. Dick aliwapa Ujerumani na Japani ushindi wa Vita Kuu ya Pili, akachapisha kitabu, akasifiwa. Hakuna jirani aliyemgongea mlango kudai fungu lake. Ajaribu kijijini kwetu Oloipiri aone!

Mimi nilitaka jambo dogo tu: sotoka isifike. Kanuni ya fani hii ni kubadili tukio moja, mengine yajifuate. Ugonjwa ule ulishuka kutoka Uhabeshi, ukafyeka ng'ombe wa Umasaini mwanzoni mwa miaka ya 1890. Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta watu mifupa mitupu kwa njaa. Nikasema, huyu Mzungu wangu atawakuta wameshiba, mikuki imenolewa. Tuone atapita wapi.

Nikamsomea mzee mmoja. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Mwalimu, ng'ombe wa babu yangu wamebaki wangapi?" Nikasema sijaandika idadi. "Andika mia nne." Mwenzake akadakia kwamba kama huyu ana mia nne, babu yake yeye hapungui mia tano. Hadi jioni malisho ya kitabu kizima yalikuwa yamekwisha, na mifugo inagombea maji ukurasa wa nne.

Vijana shida yao mpaka. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walipiga mstari kutoka mto Umba hadi ziwa Nyanza, wakaupinda kidogo Kilimanjaro. "Kama pale ulipindika, mwalimu, upinde na huku." Upande gani? Ule ambao siku hiyo ng'ombe wana bei.

Mama mmoja alitaka mwaka 1959 Wamasai wasihamishwe Serengeti. Hapo kalamu yangu ilikuwa nzito, na wazee wakatazama chini. Yeye akaendelea, "Na ukishatuacha huko, weka na duka la sukari karibu."

Mwenye duka wetu ndiye kanimaliza. Hajali mwaka 1890. Anataka mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapile awe ametoa kikombe chake cha dawa cha shilingi 500 hapa Oloipiri, si Samunge. Foleni yote ile ya magari, na yeye ana maji ya chupa! Nikamweleza kwamba mwaka huohuo ndipo dunia ilipotangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa kabisa. Akaniuliza, "Hiyo sotoka ingenunua maji?"

Sasa nimekata shauri. Naandika ya Warumi, watu wasio na mjukuu hata mmoja tarafa hii ya Loliondo. Ila yule mzee wa mia nne ameshapata habari, na ametuma mtoto aniulize Kaisari alikuwa anachunga wapi.