Hotuba juu ya Nasaba ya Jina la Kicheche

Mabibi na mabwana, maulamaa mlioketi mbele na maamuma mliosimama karibu na mlango,

Nimeombwa, na aliyeniomba ni mimi mwenyewe, kwa kuwa sikumwona katika mji huu mtu mwingine aliye na ilimu ya kutosha kuliomba jambo zito kama hili, nisimame mbele ya hadhira hii tukufu niibainishe nasaba ya jina la mnyama ambaye ninyi mmekuwa mkimtaja tangu utotoni bila dalili, bila adabu na bila idhini yangu. Naye ni kicheche.

Msinichanganyie hapa nguchiro, wala fungo, wala kanu, kosa ambalo nimelisikia hata vinywani mwa watu waliovaa miwani. Kicheche wa bara letu, aonekanaye toka Senegali mpaka Rasi ya Tumaini Jema, ni mnyama mweusi, urefu wake kama futi moja ukiacha mkia, mwenye mistari minne myeupe ishukayo mgongoni toka utosini, na mabaka meupe usoni. Hutembea usiku, peke yake, akila panya, wadudu, mayai na hata nyoka. Akiudhiwa, hukupa mgongo, akasimamisha mkia na manyoya yote, kisha akakurushia kutoka katika tezi zilizo chini ya mkia maji ambayo uvundo wake hushinda sabuni. Na hilo lisipomfaa, hujilaza akajifanya maiti. Ukoo wake ni ule wa nyegere na fisi maji. Lakini hayo ni shughuli ya wachunguzi wa miili. Mimi ni mchunguzi wa majina, daraja iliyo juu zaidi.

Basi tuanze Ulaya, aliko binamu yake, ambaye Mwingereza humwita polecat. Nusu ya pili ya jina hilo ni paka, na mnyama huyu si paka, wala hakupata kuwa paka, wala hana haja ya kuwa paka. Juu ya nusu ya kwanza wajuzi wamegawanyika: wako wasemao kuwa ni kuku, kwa neno la Kifaransa cha kale, kwa sababu ya mazoea yake ya kuzuru mabanda usiku, na wako waionao ndani yake asili ya uvundo. Mimi, baada ya kutafakari kwa macho yaliyofumbwa, nimewapa haki wote wawili, maana kuku na uvundo vyote hupatikana bandani.

Mhispania naye alisema zorrilla, yaani mbweha mdogo, na jina hilo wanazuoni wakalivusha bahari wakambandika kicheche wetu, akawa zorila pasipo kuulizwa. Makaburu wa Afrika Kusini wakamwita stinkmuishond, ambalo ukilipasua vipande utapata uvundo, panya na mbwa. Tazameni basi dhuluma iliyotendeka: paka kwa huyu, mbweha kwa yule, mbwa wa panya kwa wa tatu, na wote watatu hawakukosea harufu! Mjerumani Kaup ndiye aliyejaribu kumsitiri, mwaka 1835, alipompa jina la Kiyunani Ictonyx, lenye kumtaja kwa kucha. Na hiyo ni sharafu ndogo, lakini ni sharafu. Linnaeus, mwaka 1758, hakuwa na huruma hiyo. Yule wa Ulaya alimwandika putorius, kwa Kilatini cha uvundo, na kitabu kikafungwa.

Kuna na kashfa kubwa zaidi. Waliomfuga kicheche wa Ulaya, wakamtia katika mashimo ya sungura awafurushe ili wao wale nyama, walimwita ferret, jina ambalo shina lake la Kilatini ni mwizi. Aliyekula sungura akabaki muungwana!

Wala washairi hawakumstahi. Katika hadithi za Chaucer, zilizotungwa mwishoni mwa karne ya 14, yumo kijana aliyekwenda kwa muuza dawa kununua sumu, akidai kuwa panya wanamsumbua na kuwa kicheche amemwulia majogoo yake yaliyohasiwa. Uzushi mtupu. Sumu aliitia katika chupa za mvinyo za sahibu zake wawili, apate kuimiliki peke yake dhahabu waliyoiokota. Nao, wenye nia iyo hiyo, walimwua kwanza, kisha wakanywa. Maiti watatu, na katika kisa kizima kicheche hakuonekana hata unyoya. Lakini aliyesingiziwa ni nani? Shakespeare naye akalifanya jina hilo tusi la kumtupia mzee Falstaff aliyejificha katika nguo za kike.

Sasa nyumbani. Wako wasemao kicheche ni cheche ya moto iliyopewa ki- ya udogo. Hoja hiyo naidharau, kwa kuwa si yangu. Madhehebu yangu, yenye mfuasi mmoja ambaye sasa anawahutubia, yashikilia kwamba asili ni kucheka: hakuna mtu aliyerushiwa maji yale asichekwe na jirani zake, wakiwa wamesimama mbali. Dalili yangu ni kwamba sijapata kupingwa, ingawa ni kweli kuwa kabla ya leo sijapata kulisema mbele ya watu. Ama vijana wa mjini wamwitao kicheche mtu asiyetulia na mpenzi mmoja, hao nawakemea kwa ukali, maana wamemtwika lakabu hiyo mnyama ambaye takriban umri wake wote hulala peke yake na kuamka peke yake.

Wahenga wamesema jina jema hung'ara gizani. Huyu jina lake ni baya katika kila lugha niliyoipitia, naye hung'ara gizani vilevile, kwa mistari minne. Kwa hiyo mkimkuta usiku njiani amewapa mgongo na mkia u juu, msisimame kumjadili nasaba yake; rudini mlikotoka, na haraka.

Maswali nayapokea. Ubishi siupokei.