Silinda ya Tatu

Wenzangu mlio na ndoa na gari la zamani kwa pamoja, sogeeni, nyinyi ndio mtakaonielewa. Corolla yetu ya mwaka 1998 watoto wameipa jina la Bi Mkubwa, na mama yao kila akilisikia ananitazama mimi, kana kwamba ndoa hiyo niliifunga kwa siri.

Basi Bi Mkubwa akaanza kumisi. Kwenye foleni ya Ubungo usukani unatetemeka, bomba la moshi linatoa puf, puf. Ukikanyaga mafuta kupanda Kimara, anagoma kama mtoto aliyeona sindano. Nikasema ni mafuta machafu. Mke wangu, bila kuacha kuchambua mchele, akasema, “Silinda moja imelala, Baba Neema.”

Hajawahi kushika spana huyu. Ila akiwa chumbani mlango umefungwa anajua nani kafungua friji na kachukua nini. Mtu wa hivyo hubishani naye mambo ya sauti. Nikabisha, kama ilivyo desturi ya nyumba.

Kwetu boneti haifunguliwi kwa siri. Akatokea shemeji yangu, Profesa, aliyehitimu kwenye simu yake. Akasema pampu, akasema koili, akasema sensa, chai haijapoa. (Ndiye aliyetutengenezea feni. Tangu siku hiyo inageukia upande mmoja tu, upande anaokaa yeye.) Mama mkwe, Mkaguzi Mkuu, akaja na kigoda chake, akataka kujua bei ya kila kifaa kabla hakijaharibika.

Silinda mvivu hutafutwa kwa njia ya mafundi wa chini ya mwembe: unachomoa waya za plagi moja moja injini ikiunguruma. Mngurumo ukilegea, silinda hiyo ilikuwa kazini. Injini isipojali, umempata. Mwenye akili huzima kwanza, akachomoa, akawasha tena, kwa sababu umeme wa pale ni maelfu ya volti. Profesa alishika kwa mkono. Aliruka, kigoda kikaenda huku, Mkaguzi kule, na gari likasahaulika kabisa tukitafuta mafuta ya kuchua.

Tuliporudi, ya kwanza ikalegea, ya pili ikalegea. Ya tatu, wala! Mke wangu alikuwa dirishani. Hakusema kitu, na mimi kutosema kwake nakusikia vizuri sana.

Shimo la plagi lilikuwa limejaa oili. Mipira iliyo chini ya tapeti kava, ile inayozunguka mashimo ya plagi, ikizeeka hukakamaa, oili ikapenya hadi kwenye kofia ya waya na kuila taratibu. Pembeni mwa kofia yetu kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya majivu: hapo ndipo cheche ilipokuwa ikitorokea kwenda kwenye chuma, badala ya kushuka kwenye plagi. Oili hiyo lazima uifyonze kabla ya kufungua plagi, la sivyo inadondokea ndani ya silinda. Nikaomba kitambaa. Kitinda mimba wetu akaleta fulana yangu ya Yanga. Nyumba nzima ni Simba, kwa hiyo kesi ile haikupata shahidi.

Plagi ikatoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Wenzake watatu walikuwa wakavu, rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Gerezani, Kariakoo, nikanunua gasketi ya tapeti kava pamoja na mipira yake, waya na plagi. Mkaguzi akachukua risiti, hajairudisha.

Sasa Bi Mkubwa ametulia. Profesa anawasimulia majirani alivyoigundua silinda ya tatu, na mkono anauonyesha. Jumatatu nikatafuta ufunguo mezani, haupo.

“Naenda nao saluni,” akasema mke wangu. “Wewe panda daladala. Ukirudi, pitia nyanya.”

Nikapitia na vitunguu kabisa, asije akanirudisha.