Mtu wa Soda

Muislamu akisema hanywi pombe, mazungumzo yamekwisha. Atasogezewa maji na watu wataendelea na yao. Mlokole akisema ameokoka, walevi watamwonea haya kidogo, pengine hata wapunguze sauti. Mwenye taabu ni mimi, ambaye sina dini inayonikataza, sina daktari aliyenionya, wala sijawahi kuamka mtaroni nikaweka nadhiri. Sinywi tu. Ladha yake haikunipendeza ujanani na sikuona haja ya kuifanyia mazoezi. Hilo, hapa Bombolulu na kwingine kote nilikokaa na watu, halikubaliki. Lazima kuna kitu ninachoficha.

Basi shemeji yangu aliponipigia simu kuniambia amepata wageni wa Nairobi wanaotaka kuzungushwa kuonja mvinyo, na kwamba ananihitaji sana, sikujisumbua kuuliza ananihitaji kwa lipi. Kila msafara wa wanywaji hutafutiwa mtu mmoja wa kushika pochi.

"Mvinyo gani huku kwetu, shem?" nilimuuliza.

"Mnazi si mvinyo? Zabibu tunda, nazi tunda. Tatizo liko wapi?"

Tatizo ni kwamba mnazi hautoki kwenye nazi, lakini shemeji ana gari aina ya Noah na maneno mengi, na Pwani hivyo viwili vinatosha kumfanya mtu kuwa mwongoza watalii. Wageni wenyewe walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja, wazoefu kwelikweli. Walikuwa wamekwisha tembelea mashamba ya zabibu ya Naivasha, kunakotoka Leleshwa, na dada mmoja mwenye kofia pana alikuwa amefika hadi Dodoma kuonja wa huko. Walijua kuzungusha gilasi. Walijua kunusa kwa jicho moja limefumbwa. Mimi nilijua kuhesabu chenji.

Tulianzia Bombolulu Workshops, ambako tangu mwaka wa 1969 watu wenye ulemavu hutengeneza vito, mikoba, nguo na vinyago vya kuuza. Shemeji huanzia hapo makusudi, kwa hoja kwamba mtu hununua vizuri akiwa bado anaona bei. Tena kulikuwa na saa za kungoja. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha (ndiyo, Naivasha hiyohiyo ya zabibu), iliamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi na Jumapili. Ilikuwa Jumamosi, na shemeji hataki maneno na polisi.

Ukitaka maoni yangu, sheria ile iliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria chupa. Chupa hungoja. Mnazi haumngoji mbunge. Mgema hupanda alfajiri kwa ngazi alizochonga kwenye shina, akachana ncha ya karara aliyoifunga kamba isichanue, akamimina kilichodondoka usiku kucha, akakitundika tena kibuyu, na jioni akarudi kufanya vilevile. Alichokiteremsha asubuhi ni kitamu, hata mtoto angekililia. Lakini hamira ya kwenye kibuyu haikuomba leseni. Kazi imeanza kule kule juu ya mti. Adhuhuri mnazi unatoa povu, jioni umekuwa mkali, kesho yake unakunja uso, na ukizidi kuachwa unageuka siki ya kutilia kachumbari. Kwa hiyo raia mwema anayefuata saa za serikali siku ya Jumatatu haonji mnazi mtamu maisha yake yote.

Mangwe ya kwanza, yaani kilabu cha mnazi, ilikuwa upande wa Kadzandani, banda la makuti chini ya mwembe, mabenchi yamekwanguka kwa kukaliwa. Mama mwenyewe, amejifunga leso mbili, alitupokea kwa heshima zote na kumgawia kila mtu mboko wa kunywea na mrija wake. Wageni waliuweka mrija kando. Bwana mmoja wa miwani akauzungusha mboko polepole, akafumba jicho, akanusa, na wenzake wakanyamaza kumsikiliza.

"Napata maua," akasema. "Na kwa mbali... asali."

Mama akainama, akachungulia ndani ya mboko. "Ni nyuki huyo, mwanangu. Tumia mrija."

Ndipo wakaelezwa kwamba mrija ule umefungwa nyuzi nchani kwa sababu maalumu: nyuki nao wanaupenda mnazi, na hawajui kuogelea. Bwana wa miwani alimtoa marehemu kwa ncha ya kidole, akamweka juu ya benchi, na tangu hapo hakunusa tena kitu bila kukikagua.

Dada wa kofia naye akauliza kwa adabu mahali pa kutemea. Huko alikokwenda, alieleza, mwonjaji hasa hamezi. Huzungusha kinywani kisha hutema kwenye ndoo, ili ulimi ubaki na akili ya kuonja unaofuata.

"Kutema?" mama akashangaa. "Kwani jino linauma?"

"Hapana, mama, ndiyo desturi."

"Desturi ya kina nani?" Akamgeukia shemeji kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Kama hautaki, mwambie aurudishe. Watu wanapanda mti kwa ajili ya kitu hiki."

Dada alimeza. Alimeza na wa pili pia, akasema ni mzuri ajabu, akauliza jina la mgema, akataka apigwe naye picha, akaahidi kumtangaza Nairobi nzima. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni na mboko wake akapunga mkono. "Msimsifu sana yule kijana," akasema. "Kesho sisi ndio tutakunywa maji." Banda zima likacheka, isipokuwa wageni, waliodhani wametukanwa.

Mzee huyo ndiye aliyeniona. Walevi wa kawaida hawaoni mboko wa jirani yao, ila mzee wa mangweni anajua kila mboko umefika wapi. Wangu ulikuwa umejaa hadi ukingoni, mrija umesimama katikati kama mlingoti.

"Mbona wewe hunywi, mwanangu?"

Nilimwambia natumia dawa. Akasema mnazi wenyewe ni dawa. Nikasema tumbo lina vidonda. Akafunua shati kunionyesha tumbo lake mwenyewe, ambalo kwa maelezo yake lilikuwa na vidonda tangu enzi za Kenyatta baba na likapona kwa mnazi wa asubuhi. Nikasema mimi ndiye dereva. Akanyoosha kidole kwa dereva, aliyekuwa amelala ndani ya Noah, miguu iko dirishani. Nikabaki na ukweli, ambao ndio udhuru dhaifu kuliko zote.

"Siupendi tu, baba."

Akanitazama kwa huruma. "Ni pepo?"

Swali hilo halikuwa la kejeli, na ninalijua kwa sababu mke wangu ni mtu wa Kaloleni. Mwanaanthropolojia David Parkin alikaa na Wagiriama wa huko miaka ya 1960 na akaandika kitabu kizima juu ya minazi, mnazi na mashahidi, kilichotoka 1972. Wakati ule, kununua shamba la minazi kulitaka mashahidi, na mashahidi walipatikana kwa kunywa pamoja na wazee. Basi wakazuka vijana wenye bidii, wanunuzi wa mashamba, waliotaka ardhi ila hawakutaka kila shilingi iishie kwenye kibuyu. Wangefanyaje? Wapo waliougua, mganga akapiga bao akaona pepo wa Kiislamu, na pepo huyo hataki mnazi wala nyama ya mzoga. Dawa yake ni kusilimu. Mtu anaacha kunywa, anapona, na hakuna mzee wa kumlaumu kwa sababu si yeye aliyekataa, ni pepo wake. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa nimekaa na soda yangu kwenye harusi za watu. Wenzangu walikuwa na mkubwa wa kumsingizia.

"Sina pepo, baba," nilisema.

"Basi watakuwa hawajakuchagua bado," akanifariji.

Alipogeuka kumwagiza mama, nilifanya kile ambacho mtu yeyote mstaarabu angefanya: nikauinamisha mboko taratibu nyuma ya benchi, mchangani. Sikuwa nimemaliza mzee alipogeuka tena. Nikajua leo nafukuzwa. Badala yake uso wake ukachanua.

"Mmeona?" akawaambia wote. "Huyu kijana amelelewa vizuri. Ameanza na koma."

Kwa Wamijikenda, koma ni wazee waliotangulia, na kuwamwagia tone chini kabla ya wewe kunywa ni adabu ya kale. Tone, nasisitiza. Mimi nilikuwa nimewamwagia mboko mzima. Wageni wa Nairobi walivutiwa sana, wakataka nao wamwage, bwana wa miwani akauliza kama kuna maneno ya kusema. Mama akanijazia mwingine, bure, kwa heshima ya wazee. Na huo nikaupeleka uliko wa kwanza, kwa kuwa sasa nilikuwa na kibali. Wa tatu mzee aliutazama ukizama mchangani, akatikisa kichwa.

"Koma wa kwenu," akasema, "wana kiu sana."

Ikabidi tuondoke kuelekea Utange.

Huko Utange sitakaa sana, maana wageni wenyewe hawakumbuki. Ninachokumbuka mimi ni darasa. Mtu asiyekunywa hana la kufanya mangweni ila kusikiliza, na mzee wetu, aliyekuwa amejipakia kwenye Noah bila kualikwa na bila kukatazwa, alisomesha njia nzima. Alisema mnazi uliotiwa maji hauna subira; povu lake halishiki ukingo, linakimbia. Alisema uliolala usiku mmoja unaujua kwa pua kabla ya ulimi, unachoma juu puani, karibu na macho. Alisema kwao zamani maandazi yaliumuliwa kwa mnazi na ndiyo maana watu hawakuwa na gesi tumboni. Hili la mwisho sikulithibitisha. Wageni walikuwa wakiimba.

Tulipoaga, mama wa Utange alitupa zawadi ya mtungi wa lita tano, umezibwa kwa kizibo cha makumbi kilichochomekwa kwa ulegevu mdomoni. Mtungi ulikabidhiwa kwangu, mtu pekee ambaye ungefika kwake ukiwa na lita tano. Nikaukalisha katikati ya magoti, kiti cha nyuma. Unachuruzika kidogo, ndiyo. Makumbi huwekwa ili upumue. Lakini bwana wa miwani hakupenda matone kwenye viatu vyake vya ngozi. Alipekua chini ya viti, akapata kifuniko cha plastiki cha mtungi mwingine, akaking'oa kile cha makumbi, na akakaza cha kwake kwa nguvu zake zote, huku mimi nikimwambia aache na mzee akiwa ameshashuka.

"Usafi, ndugu yangu," akanieleza.

Hamira hula sukari na kutoa hewa, na hewa hutaka pa kutokea. Ndani ya Noah, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, joto la saa kumi, barabara ya mashimo inayoutikisa mtungi kila hatua. Niliuhisi ukivimba. Ubavu wake uliokuwa bapa ukawa duara dhidi ya paja langu, ukawa mgumu. Nikamwambia dereva apunguze mwendo. Akapunguza, kisha akalipanda tuta karibu na steji ya Bombolulu kama mtu anayeruka mfereji.

Kifuniko kiligonga dari. Kilichofuata ni mnazi kwenda juu, kukutana na dari hiyo, na kurudi chini kwangu. Nywele, masikio, shati, suruali, soksi. Wageni walioketi mbele hawakupata hata tone. Bwana wa miwani aligeuka, akasema pole, akaongeza kwamba sasa anapata harufu ya matunda.

Nilishuka hapo stejini. Makanga wa matatu ninaowapa nauli kila asubuhi walinusa, wakatazamana, wakaanza kunipigia makofi. "Hatimaye, mzee!" mmoja akapaza sauti. Muuza viazi karai akanipa kimoja bure, akanishauri nile kitu kizito kabla ya kulala. Nilijaribu kueleza habari ya kifuniko. Jaribu wewe kueleza habari ya kifuniko huku unanuka lita tano.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe, amekuja bila taarifa. Nilisimama mlangoni, nikamwamkia kwa mbali. Aliinuka, akasogea, akanusa bega langu, akanitazama juu mpaka chini. Siku ya mahari yangu, Kaloleni, ilipoletwa kadzama ya mnazi mbele ya wazee, mimi niligusisha mdomo tu na kuirudisha, na tangu siku hiyo ukoo mzima uliishi na wasiwasi wa mkwe asiyejulikana ana nini. Mama mkwe akatoa simu kwenye leso.

"Baba," akamwambia mumewe, na macho yake yalikuwa yanang'aa, "mkweo amekunywa."

Nikanyoosha mkono kukanusha. Akanikabidhi simu.

"Mwanangu!" baba mkwe akaunguruma, nyuma yake sauti za watu na vicheko. "Ulikuwa wa wapi?"

"Wa Utange, baba, lakini..."

"Ah, Utange! Wale wanatia maji."

Nitamtetea mtu asiyetendewa haki hata nikiwa nimelowa. "Hapana, baba, huu haukutiwa maji. Povu lilishika ukingo. Ila nadhani ulilala usiku mmoja, unachoma juu puani."

Kukawa kimya upande wa pili. Halafu nikamsikia akiwageukia watu aliokuwa nao. "Mnasikia? Si niliwaambia? Huyu anajua mnazi, tena Jumamosi ijayo ndiye atakayetuonjea kwenye..."

Salio likaisha, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kuulizia ni shati gani nitavaa.