Pua za Kitaalamu

Mgeni wa Serengeti akishashiba kutazama nyumbu na simba, jioni huenda akaketi kuonja siga. Hobi hii ina adabu zake: kata ncha kwa kikasi maalumu, vuta bila kumeza moshi, fumba macho, kisha tangaza: “Napata kakao, ngozi, na udongo ulionyeshewa.” Jarida la Marekani, Cigar Aficionado, lililoanza mwaka 1992, huzipa siga alama hadi 100. Siga ya 79 haina pa kuficha uso.

Jamani, hata wakulima wa tumbaku wa Tarime na Serengeti wana wapimaji wao. Mkulima huchambua majani, hufunga robota, humsubiri mteuzi. Bwana huyo hutazama rangi, hupapasa jani, hutaja daraja. Hakuna cha kakao. Daraja ndilo bei ya kilo, na ada ya shule imo humo. Mzee wa Kikurya na ugoro wake hana haja ya jarida: ugoro ukimpigisha chafya, umefaulu.

Basi mheshimiwa muonjaji, ukipata tena “harufu ya moshi wa kuni”, mpe alama zake pia mkulima aliyekesha akichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku.